Nilidhani Mume Wangu Hapendi Maktaba

Kila mtu ana ugonjwa wake akisafiri. Shosti wangu mmoja akifika mji mgeni, mizigo hata haijatua chini, ameshauliza saluni iko wapi. Kaka yangu anaulizia nyama choma. Mimi naulizia maktaba. Nichekeni tu, nimeshazoea.

Sababu yangu ni rahisi. Dukani wewe ni mteja, hotelini wewe ni mgeni, lakini maktaba hakuna anayekuuzia kitu. Unakaa meza moja na mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, mzee anayesoma gazeti la jana, na kijana aliyekimbia jua tu. Kaa hapo nusu saa, utaujua mji kuliko ukizunguka na teksi siku nzima.

Tatizo lilikuwa mume wangu. Miaka saba ya ndoa, kila nikisema tupitie maktaba, ana sababu. Mombasa kichwa kilimuuma. Arusha alibaki nje, eti analinda gari. Basi nikaanza kumjengea kesi kimoyomoyo. Huyu hapendi ninachokipenda. Hasomi hata ninachoandika. Akikutana na wenzangu wa ofisini anakuwa bubu. Si unajua tena tukianza kuunganisha mambo? Mpaka tunapanda basi la Nairobi kupitia Namanga, Agosti 2019, mazungumzo yetu yalikuwa yamebaki luku na ada ya mtoto.

Yeye alikuwa anafuata mzigo Kirinyaga Road, ule mtaa wa spea za magari. Ana duka la spea Gerezani. Mimi nilichukua likizo fupi nimsindikize, nikitumaini hewa ya mji mwingine itatusaidia. Siku ya pili mzigo ukachelewa, tukawa na asubuhi nzima ya bure. Nikamwambia, "Baba, mimi naenda McMillan. Mzigo ukifika nipigie." Sikumwalika. Nilikuwa nimechoka kukataliwa.

Akaniangalia kidogo. "Nitakusindikiza mpaka mlangoni."

McMillan iko Banda Street, jirani kabisa na Msikiti wa Jamia. Ni jengo la heshima zake: nguzo nene mbele, ngazi pana, na sanamu za simba wawili wanaokukaribisha, au wanaokutisha, inategemea umekuja na moyo gani. Tulipofika kwa simba, mwenzangu akasimama.

"Haya, nenda. Mimi nipo hapa."

Hapo nikapandisha. Nikamuuliza kwa sauti ambayo mpaka leo naionea aibu, "Hivi wewe maktaba ilikukosea nini?"

Alikaa kimya mpaka nikadhani hatajibu. Kisha akasema polepole, "Mama, mimi niliishia kidato cha pili. Wewe una digrii. Nikiingia humo mtu akiniuliza natafuta nini, nitamjibu nini? Nitakutia aibu bure."

Jamani! Miaka saba. Nilikuwa najua aliacha shule baba yake alipofariki, akaenda gereji kushika spana ili wadogo zake wasome. Hadithi hiyo nimewasimulia watu wengi, na huwa naisimulia kwa majivuno. Sikujua kwamba yeye mwenyewe bado inamuuma. Kibaya zaidi, nikaanza kukumbuka ni mara ngapi nimemsahihisha Kiingereza mbele za watu, huku nikicheka. Kumbe pale ofisini hakuwa bubu. Alikuwa ananiogopa mimi.

Nikamvuta mkono tukakaa palepale kwenye ngazi. Sikujua niombeje msamaha, basi nikaanza kumsimulia habari za jengo. Lilifunguliwa mwaka 1931. Aliyelijenga ni Lady Lucie McMillan, kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa Kenya. Lilikuwa la Wazungu. Mwafrika, hata awe amesoma namna gani, safari yake iliishia nje. Walianza kuruhusiwa kuingia miaka michache tu kabla ya Uhuru wa mwaka 1963.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "enzi zile mimi na digrii yangu, na wewe na kidato chako cha pili, tungekaa kwenye ngazi hizihizi."

Akacheka. "Kumbe tungekuwa sawa."

"Tuko sawa, baba. Nisamehe kama nimekufanya uone vingine."

Akainuka, akajipangusa suruali, tukaingia.

Ndani kulikuwa na harufu ya karatasi kuukuu na wanafunzi wameinamisha vichwa. Hatujakaa sawasawa, mkutubi mmoja akaja na swali lilelile alilokuwa akiliogopa: "Mzee, nikusaidie na nini?"

Nikataka kumjibia. Mdomo ulishafunguka kabisa. Nikaufunga.

"Mna chochote cha magari ya zamani?" akauliza.

Mkutubi hakucheka wala hakushangaa. McMillan inatunza magazeti ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mwenzangu akaonyeshwa majalada yake. Nikamwacha, nikaenda zangu kwenye rafu.

Niliporudi baada ya saa moja na ushee, alikuwa ameinamia tangazo la gari la miaka ya 1930, kidole kinafuata mstari kwa mstari. Kile Kiingereza nilichokuwa nakisahihisha kilimtosha kabisa, maana maneno ya injini anayajua kuliko mimi. "Njoo uone," akaninong'oneza. Akanieleza gari la aina ile lilivyokuwa likiwashwa kwa kuzungusha chuma mbele, na jinsi ambavyo ukizubaa kilikuvunja mkono. Simu ya watu wa mzigo iliita mara tatu, hakuipokea. Kwa miezi mingi hatukuwa tumeongea hivyo, vichwa vimekaribiana. Maktaba hairuhusu kupayuka, na huwezi kumnong'oneza mtu aliye mbali nawe.

Msidhani tulirudi Dar tukiwa malaika. Bado tunagombana, na luku bado inaisha usiku. Ila nimeacha kumsahihisha mbele za watu. Siku hizi akitaka kujua neno ananiuliza, nami nikitaka kujua gari linalia nini namuuliza yeye. Jumamosi nyingine anampeleka mtoto Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Mimi nabaki nyumbani nimelala, raha mustarehe.

Na tuliporudi Nairobi mwaka 2023, yeye ndiye aliyesema twende tukaione maktaba ya Kaloleni. Kaloleni ni mtaa uliojengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Maktaba yake ndogo ilikarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na wanawake wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ambalo limefanya hivyo pia Makadara. Mume wangu alitangulia kuingia. Mimi nilikuwa bado nje nahangaika na chenji ya teksi.

Kwa hiyo mkisafiri wawili, pamoja na ufukwe na nyama choma, pitieni maktaba ya mji. Kila mmoja aende kwenye rafu yake, kisha mtafutane, umwone mwenzako amesimama wapi pale ambapo hakuna anayemchagulia. Na kama hataki kuingia, usimjengee kesi kama mimi. Muulize. Ila muulize kwa upole kuliko nilivyouliza mimi.