Lori la Bafwabaka

Ijumaa, 24 Novemba 2023, Mangobo, Kisangani

Leo jioni mazoezi ya kwaya, nyimbo za sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite. Tukiwa bado tunasubiri wapiga ngoma, akaingia kijana wa kandida mmoja na furushi la vitenge, akalitua juu ya benchi ya sauti ya kwanza. "Si kitu, mama zangu. Ni zawadi ndogo tu." Propaganda ya uchaguzi ilifunguliwa Jumapili iliyopita, na mji umekwisha kujaa fulana na pakiti za chumvi. Mama Prezida wa kwaya alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua pembe ya kitambaa, akatazama kidole kama kimeshika rangi. Hakikushika. Hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Tukaimba, na furushi likalala kwenye sakristia.

Jumapili, 26 Novemba

Papa Katekista amewafundisha watoto kwamba mwizi wa sindano kesho ni mwizi wa pikipiki, na kwamba utakatifu nao huanza na utii mdogo. Akamtaja Anuarite. Hapo nikanyamaza kwa heshima tu, maana Anuarite hakuanza na utii. Alianza kwa kumtoroka mama yake.

Habari hiyo wazee wa Wamba wanaijua. Alizaliwa huko mwaka 1939. Siku moja lori lilikuja kuwachukua wasichana waliotaka kuwa masista, wapelekwe Bafwabaka, naye akajipenyeza kati yao bila kumuaga mtu nyumbani. Mama yake alikuja kujua mtoto amekwisha kwenda. Ungekuwa jirani siku ile ungesemaje? Mimi ningesema: mtoto mkaidi, huyo atamwaibisha mama yake. Baadaye mama alikubali, halafu akabadili mawazo, akataka binti arudi kusaidia nyumbani. Binti akakataa tena.

Jumatatu, 27 Novemba

Jana usiku usingizi ulichelewa, nikawa nawaza upande wa pili, wa wale waliomwua Anuarite. Marehemu baba alikuwa kijana mjini hapa waasi wa Simba walipoingia, mwanzoni mwa Agosti 1964. Alipenda kutuhesabia miiko yao: Simba aliyechanjwa dawa haibi, hamgusi mwanamke, hashikani mkono na asiyechanjwa. Akivunja mwiko, dawa hiyo, maji ya Mulele, haimkingi tena na risasi. Baba alisema siku za kwanza watu wengine walifurahi, wakadhani wamepata hatimaye jeshi lisilopora. Ukilinganisha na askari waliotangulia, ni mwanzo ambao hata padri angeubariki.

Miezi haikupita mingi, watu wakawa wanauawa mbele ya mnara wa Lumumba. Tarehe 24 Novemba makomando wa Kibelgiji waliangushwa hapa kwa miavuli, na huko kaskazini hasira ikazidi. Tarehe 29 Simba waliwapakia masista wa Jamaa Takatifu wa Bafwabaka katika lori, Anuarite akiwa mmoja wao. Usiku wa kuamkia 1 Desemba, kule Isiro, Kanali Olombe alimtaka kwa nguvu. Akakataa, akapigwa, akasema anamsamehe, akauawa. Hakuwa ametimiza miaka 25.

Basi lori la kwanza alilipanda kwa utundu wa kitoto, la pili alipandishwa na watu waliokula kiapo cha kutomgusa mwanamke. Papa Katekista atanisamehe: mwanzo hauna alama usoni. Naona mambo hupimwa baadaye kidogo, pale unapoombwa tena. Simba waliruhusu mwiko mmoja uvunjwe, wakatafuta sababu, wakaruhusu na wa pili. Binti aliulizwa tena na tena, na mama, na maisha ya utawa, na kanali, na jibu lake lilikuwa lilelile.

Jumatano, 29 Novemba

Wakimbizi wengine wameletwa kwa mtumbwi kutoka Lubunga. Wambole na Walengola wanauana tangu mwanzoni mwa mwaka, na mzozo ulianza na ardhi iliyopewa kampuni. Watu waliooleana! Nimepeleka sombe na unga. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 30 Novemba

Kijana wa kandida amerudi na daftari. Anaomba majina yetu, na pembeni ya kila jina namba ya kadi ya uchaguzi, "ili tujue kila mama achukue metre ngapi." Sauti yake tamu kama ya siku ile. Mama Prezida, ambaye mimi nilikwisha kumhesabu kuwa amenunuliwa, akamwuliza: "Mwanangu, kitenge kinapimwa kwa kadi tangu lini?" Wengine tukacheka. Wawili hawakucheka, walikuwa wamekwisha kutaja namba zao.

Jumamosi, 2 Desemba

Misa ya jana ilijaa mpaka nje. Tumeimba na vitenge vyetu vya zamani, vya miaka 2 iliyopita, na vile vimefifia kweli. Padri alikumbusha Kinshasa, 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Anuarite mwenye heri, na akamsamehe hadharani aliyemwua. Wale mama wawili wamenuna. Wanasema tumewanyima haki yao, na labda wana neno, maana mmoja hana kitenge kizima cha kwendea kanisani. Tumekubaliana kwaya imchangie. Kijana hapokei simu. Furushi bado liko sakristia, na Padri ameuliza mara mbili litaondoka lini, anataka benchi yake.