Mbuzi 900 na swali la kemia

Leo naweka kando habari za Linux na simu. Jumapili iliyopita nilikuwa Oltepesi, kando ya barabara ya Magadi, nyumbani kwa dada yangu. Binti yake yuko kidato cha nne na anataka kusomea ufamasia. Bila alama nzuri ya kemia kwenye KCSE, hilo halipo.

"Mjomba, msawazo maana yake mmenyuko umesimama, sivyo?"

Nilishtuka. Jibu hilo hilo ndilo nililoandika mimi kwenye KCSE mwaka 2003. Nilikuwa nimekariri kanuni ya Le Chatelier kama shairi, bila kuielewa. Kemia ikanipa C+, na ndoto ya udaktari ikaishia hapo.

Basi nikafungua laptopu, nikaandika programu fupi kwa Python. Mbuzi 900 wako zizi A, zizi B ni tupu. Kila raundi, asilimia 10 ya walio A wanahamia B, na asilimia 5 ya walio B wanarudi A. (Vipande vya mbuzi tuvisamehe, kompyuta haichinji!) Kufikia raundi ya 44 hesabu ikatulia: A 300, B 600.

"Si wamesimama?" akasema.

Nikamwambia apige hesabu. Asilimia 10 ya 300 ni 30. Asilimia 5 ya 600 ni 30. Kila raundi 30 wanakwenda na 30 wanarudi. Hakuna kilichosimama ila idadi.

Tukaongeza mbuzi 300 zizi A. Mwishowe wakawa 400 na 800. Ndiyo Le Chatelier: mfumo unapunguza badiliko ulilolileta, lakini haulifuti lote. Kisha tukaanza upya na 900, kasi zote mbili tukazizidisha mara mbili. Tukapata 300 na 600 vilevile, ila kwa raundi 20. Hiyo ni kazi ya kichocheo, kama chuma katika kutengeneza amonia kwa njia ya Haber: kinawahisha kufika, hakibadilishi mahali pa kufika.

"Na kasi moja ikiongezeka kuliko nyingine?"

"Hapo umegusa joto."

Akanisogeza pembeni, akaanza kubadilisha namba mwenyewe. Mimi nimechelewa miaka zaidi ya ishirini kulielewa jambo hili. Yeye bado ana hadi Novemba.