Samaki Mgeni wa Maji Baridi

Wapo majirani zangu hapa Nkunga ambao hadi leo hawaamini kwamba mtu aliyekula chumvi miaka sabini na ushee anaweza kuondoka nyumbani alfajiri, katika baridi ya mwezi wa saba, akatembea saa mbili kwa mguu kupandisha mlima, akasimama katikati ya maji yanayouma mifupa, kisha akarudi jioni na samaki wawili tu, na pengine bila hata mmoja. Akina mama ninaokutana nao njiani na ndoo zao hunisalimu kwa heshima, "Mwaghonile, Mwalimu," nami nikishapita nasikia kicheko nyuma yangu. Siwalaumu. Sokoni Tukuyu dagaa wanapimwa kwa kikopo, na samaki wa Ziwa Nyasa wanaletwa kutoka Kyela wakiwa wamekaushwa vizuri. Kwa hesabu ya tumbo, kazi yangu ni ya hasara.

Msomaji wa mahali pengine huenda akasikia neno kiangazi akafikiria jua kali na vumbi. Huku kwetu sivyo. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote katika Tanzania, na mvua hizo zikishaanza mwezi wa kumi na moja hazituachi mpaka mwezi wa tano. Kiangazi chetu ni ukungu wa asubuhi, rasharasha za hapa na pale, na baridi inayomfanya mtoto akatae kuamka kwenda shule. Lakini ndiyo majira ambayo vijito vinavyoteremka kutoka Mlima Rungwe huacha kuwa na rangi ya chai ya maziwa vikawa kama kioo. Changarawe moja moja unaihesabu. Hapo ndipo trauti anapoweza kuvuliwa kwa namna ninayoipenda mimi, yaani kwa nzi wa bandia.

Trauti si samaki wa kwetu. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitalirudia. Yule mwenye ubavu wa rangi ya upinde wa mvua kwao ni magharibi ya Amerika ya Kaskazini, katika mito inayoelekea Bahari ya Pasifiki; na yule mwenye rangi ya kahawia kwao ni Ulaya. Walowezi wa Kenya walileta mayai ya yule wa kahawia kutoka Scotland mwaka 1905 wakayaweka katika mito ya Aberdare, na baadaye pakawa na kituo cha kuzalishia trauti kule Kiganjo, karibu na Nyeri. Pale Embu ipo hata hoteli yenye jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake cha uvuvi wa ndoano mwaka 1653. Kwetu nyanda za juu za kusini trauti waliwekwa wakati wa utawala wa Waingereza, na mto Kiwira ukawa mmojawapo wa mito yao. Hawakuwekwa ili kulisha Wanyakyusa. Waliwekwa ili bwana mkubwa aliyechoshwa na mafaili apate mahali pa kusahau boma.

Mimi nilijifunza kwa mzee mmoja ambaye katika ujana wake alikuwa akiwabebea mabwana hao mikoba na chakula. Hakuna aliyemfundisha, alitazama tu. Wageni walipoondoka baada ya Uhuru, mmoja wao alimwachia ufito wa mwanzi uliopasuliwa na kugandishwa, pamoja na kigurudumu cha kukunjia mshipi. Nilikutana naye katikati ya miaka ya 1970, nilipokuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu. Zile zilikuwa siku za Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa zima limeamua kila mtoto aende shule ifikapo 1977, na sisi wakufunzi tukizunguka vijijini kutwa kuwasimamia walimu wanagenzi. Jumapili moja mchana, baada ya ibada, nilimkuta mzee amepiga magoti nyuma ya jiwe kama mtu anayesali. Nikamsalimu kwa sauti. Akanionyesha kwa mkono ninyamaze.

"Samaki huyu," aliniambia baadaye, "hulala akielekea maji yanakotoka, kwa sababu chakula chake kinaletwa na maji. Mwendee kwa nyuma, Mwalimu. Na kivuli chako kiache nyumbani."

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, sikupata maelezo mafupi yenye ukweli zaidi ya hayo. Unaanzia chini na kupanda juu. Unatupa mshipi mbele ya samaki, juu kidogo ya pale alipo, ili nzi ateremke na maji kama mdudu aliyedondoka kutoka majanini. Akiwa anakokotwa na mshipi, samaki anajua. Mkono unatakiwa uwe mwepesi na roho iwe nzito. Wengi hushindwa kwa upande wa roho.

Nzi wenyewe natengeneza kwa mkono. Ndoano ndogo ndizo shida, inabidi niagize Dar es Salaam. Uzi naupata kwa fundi cherehani, na manyoya nayatoa shingoni kwa jogoo. Lazima yawe ya shingoni, maana yale ni membamba na magumu, humfanya nzi asimame juu ya maji bila kuzama. Mkwe wangu anasema jogoo wa nyumba hii wanaishi na shingo tupu kama kuku wa kishingo. Mvua za kwanza zinapokaribia na kumbikumbi wakaanza kutoka, natengeneza wenye tumbo nono la rangi ya udongo, na trauti huwarukia bila adabu yoyote.

Nilipokuwa mkuu wa chuo niliwapeleka wanachuo wangu mtoni mara nyingi, si kuvua, bali kugeuza mawe. Walimu wa sayansi wanapenda picha za kitabuni kwa kuwa hazilowani. Mimi niliwataka wageuze jiwe, wahesabu. Yupo mdudu mwenye mikia mitatu, bapa, anayeng'ang'ania jiwe. Yupo mwenye mikia miwili. Yupo anayejijengea nyumba ya chembe za mchanga na kuishi ndani yake. Hawa wote ni mabuu ya wadudu wanaoruka, nao hawakubali maji machafu. Mahali walipo wengi wa aina nyingi, maji ni salama. Mahali walipobaki minyoo na mabuu ya mbu, kuna jambo. Hiki ni kipimo kisichohitaji maabara wala bajeti ya wizara, na nina hakika wapo walimu wakuu wa leo wanaokitumia bado.

Kwa kipimo hicho hicho nimeona mambo ambayo sikutaka kuyaona. Katika miaka ya 1980 nilikuwa navua chini kabisa ya shamba langu, umbali wa kuitwa chakula ukasikia. Leo natembea zile saa mbili. Sababu haina uchawi. Trauti hutaga mayai ndani ya changarawe, na mayai yale huishi kwa hewa iliyomo katika maji yanayopita katikati ya mawe. Kingo zikilimwa viazi mpaka majini, mvua huteremsha udongo, udongo huziba changarawe, mayai hufa. Miti ya kingoni ikikatwa, jua hupiga maji. Maji yakifika joto la sentigredi 20 samaki huyu huanza kupata taabu, yakipita 25 ni shida kubwa. Mahali pa miti ya asili tumepanda mikaratusi, ambayo inakunywa maji kama mgeni wa harusini. Juu ya hayo, wapo vijana wanaotia sumu. Wazee walitumia utupa, majani yaliyopondwa, nao walikuwa na siku zake. Hawa wa leo wanamimina dawa ya viazi, kisha wanaokota kilichoelea na kwenda kukiuza.

Sasa ni hapa ambapo mimi na kijana wangu wa tatu tuliposhindana. Yeye ndiye anayelima shamba letu la chini. Bei ya viazi ikipanda anataka kila futi, na simwoni kuwa mkorofi: ana mtoto chuo kikuu na wengine wawili nyuma yake. Kiangazi cha juzi aliniambia anataka kufyeka ile sehemu ya kingo niliyoiacha na miti yake, apande viazi mpaka ukingoni. Nikakataa. Akaniuliza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulipanga swali lake usiku:

"Baba, unatunyima kwa ajili ya samaki? Na samaki mwenyewe si wetu."

Ni hoja nzuri, na mwanafunzi angenipa hoja kama hiyo ningempa alama zake. Trauti kweli ni mgeni, tena mgeni mlaji. Ameorodheshwa na wanamazingira wa kimataifa miongoni mwa viumbe vamizi 100 wabaya kuliko wote duniani, kwa kuwa popote alipotiwa amekula visamaki vya wenyeji. Leo mtu akinijia na debe la vifaranga vya trauti akitaka kuvimimina katika kijito ambacho hakijawahi kuwa navyo, nitamzuia njiani. Samaki wa kujivunia kwetu ni mbasa, yule wa rangi ya fedha anayetoka Ziwa Nyasa na kupanda Kiwira wakati wa mvua kwenda kutaga. Yeye huishia chini kwenye joto, trauti hubaki juu kwenye baridi. Wawili hao hawajawahi kukutana. Lakini udongo wa viazi unaoanzia kwangu hausimami katikati ya njia.

Nilimjibu kijana kwamba viazi navyo asili yake ni Amerika ya Kusini, chai ya Katumba asili yake ni Asia, migomba pia, na mikaratusi imetoka Australia. Tukianza kufukuza wageni tutabaki na ukungu. Akacheka, lakini hakukubali. Nikamwambia pia juu ya kipunji, nyani wa Mlima Rungwe ambaye watafiti walimwona mwaka 2003 na kumtangaza kwa dunia mwaka 2005, hali wawindaji wetu walikuwa wakimtaja kwa jina siku zote. Mlima wenyewe ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, mwaka ule ule nilioacha kazi. Nikasema, hatujui bado nini kingine kinaishi katika maji yanayotoka juu kule. Akasema, "Kinacholipa ada ninakijua."

Mwishowe nikamtolea sheria, kama walimu tunavyofanya hoja zinapotuishia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nilikuwa na nakala yake kabatini. Aliisoma kifungu chote amesimama, akairudisha, akaaga.

Kwa wiki mbili hakuja. Jumamosi ya tatu alifika na mwanawe yule wa chuo kikuu, wameshika futi kamba na vigingi vya mwanzi. Wakaanzia ukingoni, wakapima kupandisha. Nilikaa kibarazani nikiwatazama, na niliijua ardhi ile vya kutosha kufahamu watakapofikia. Wakapita miti, wakapita shamba la viazi lenyewe, wakapita njia ya ng'ombe, wakaingia katika migomba iliyo nyuma ya jiko. Kigingi cha mwisho walikipigilia katikati ya shina alizopanda baba yangu kabla sijazaliwa. Kijana akanifuata, akavua kofia.

"Mita sitini, Baba. Na hii nayo?"

Mama yao alitoka jikoni akauliza wanafanya nini, hakuna aliyemjibu.

Tulizungumza mpaka giza likaingia, mara hii bila nakala ya sheria. Yeye amesogeza viazi vyake juu, amekodi robo eka kwa jirani, na kodi hiyo tunaichangia kutoka pensheni yangu. Kingo ina miti yake. Kwa upande wangu, migomba iliyosimama itazaa mpaka itakapoanguka yenyewe, lakini chini ya kigingi kile chipukizi jipya haliachwi. Kazi hiyo naifanya mwenyewe kwa jembe, asubuhi ambazo siendi mtoni. Hadi jana nimeng'oa machipukizi kumi na manane.