Kwa Mjukuu Wangu Aliye Meru, Juu ya Chanjo ya Mbwa Wako

Runyenjes, Embu

Mpendwa mjukuu wangu,

Muradi wa barua hii ni habari aliyoniletea binamu yako alipotoka kwako Makutano, ya kwamba mbwa wako umemchanjisha kwa mtu asiye na duka wala cheti, apitaye nyumba kwa nyumba na dawa zake mkobani, nawe ukafurahi kwa kuwa bei yake ilikuwa rahisi.

Umepata kuliona kovu lililo katika muundi wa baba yako, nasi tumekwambia siku zote kwamba ni waya wa ua. Si waya. Mwaka 1984, ule mwaka wa ukame, nilimpeleka mbwa wetu kwa mtu wa namna hiyohiyo, aliyeketi siku ya soko chini ya mti wa mukima. Akaitoa chupa ya chanjo katika mfuko wa koti, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, nami, madhali ni mwalimu na sinunui kitu pasipo kukisoma, nikaishika, nikaiona ina joto kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Nikasoma tarehe, nikaridhika, ilhali sikujua kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa haina budi kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mpaka saa ya kudungwa, na kwamba ikishapata joto la mfukoni huweza kupoteza nguvu, hata kama tarehe yake ni njema.

Haukupita mwaka, mbwa akaacha kula, mate yakamchuruzika, akamrukia baba yako, akamwuma muundi. Mama yangu, asiyejua kusoma hata herufi moja, ndiye aliyeuosha mguu ule kwa sabuni ya mche na maji ya kumiminika, asikome mpaka gari likapatikana la kutupeleka hospitali ya Embu, ambako mtoto alidungwa sindano siku baada ya siku. Fedha za kahawa zilikuwa hazijalipwa. Nilimwendea ndugu yangu mwenye duka kukopa, akaniambia nirudi Jumatatu, nami sijasahau. Niliuza mbuzi. Maana maradhi haya, dalili zikishadhihiri kwa mwanadamu, hayana dawa, na kila usiku kwa muda mrefu niliamka nikamsikiliza mtoto akinywa maji, nione kama yanapita kooni.

Kwa hiyo chanjo ya mtu yule wa Makutano usiihesabu. Mtafute daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama ipasavyo kwa sheria ya 2011, umwombe akuonyeshe leseni ya mwaka huu, wala usione haya. Wasaidizi waliohitimu vyuoni, kama kile cha Ndomba, nao husajiliwa na Bodi hiyohiyo, na wako miongoni mwao waliofunzwa nami. Kabla ya kuuliza bei, uliza friji iko wapi, na umeme wa Meru ukipotea yeye hufanyaje. Atakayekasirika kwa suali hilo, mwage, uende kwa mwingine. Na aichukue chupa kwenye baridi mbele ya macho yako.

Dawa ya minyoo usiisahau. Mifupa ya kuku usimpe mbwa.

Najua utasema mtu yule ni mpole na mbwa hakulia. Yule wa chini ya mukima pia alikuwa mpole, na mbwa wangu hakulia.

Ndani ya bahasha mna shilingi 1,500. Ukishamchanjisha mbwa, piga picha kadi ya chanjo, jina la daktari na nambari ya chupa vionekane, uitume kwa simu ya binamu yako. Nitavaa miwani niisome mwenyewe.

Ni mimi babu yako.