Matanga Yakishaanuliwa

Filamu nyingi zinazomwonyesha mzazi aliyefiwa na mtoto huharakia kilio. Muziki hupanda, mvua hunyesha makaburini, mama hulikumbatia jeneza, kisha kisa hushika njia nyingine. Mtazamaji wa pwani, aliyezijua nyumba za matanga tangu utotoni, anafahamu kuwa hapo uzito haujaanza. Huanza majamvi yanapokunjwa na masufuria ya kuazima yakarudishwa, nyumba ikabaki na wenyewe.

Nanni Moretti wa Italia alilielewa hilo. Filamu yake La stanza del figlio, yaani "chumba cha mwana", ilitunukiwa Palme d'Or mjini Cannes mwaka 2001. Giovanni, tabibu wa maradhi ya nafsi katika mji wa bandari wa Ancona, anampoteza mwanawe, Andrea, aliyefia baharini akipiga mbizi. Jumapili ile baba alikwisha kumshawishi kijana wakimbie pamoja. Mgonjwa akapiga simu, baba akaenda kwa mgonjwa. Basi. Si kosa la kupelekwa kwa kadhi, na kwa hiyo hapana wa kumsamehe. Giovanni huirejea siku hiyo akilini, akalibadilisha jibu alilotoa kwenye simu, akajiona yu barabarani anakimbia na mwanawe. Aliyezoea kusikiliza majonzi ya watu hawezi tena kuyasikiliza, na kazi anaiacha.

Jeneza linapofungwa, Moretti hageuzi kamera. Bati linachomelewa, skrubu zinakazwa. Msomaji wa visiwani, ambaye maiti wake huzikwa kwa sanda, huenda akashtushwa na vyuma hivyo. Lakini mlio wake ni ndugu wa mlio wa mchanga wa kwanza.

Krzysztof Kieślowski, katika Trois couleurs: Bleu ya mwaka 1993, alikwenda mbali zaidi kwa kitu kidogo zaidi. Julie, aliyefiwa na mume na binti katika ajali ya gari, anaikuta peremende ya mtoto mkobani. Anaitafuna upesiupesi, kwa meno, mpaka inakwisha. Halii. Anayelia ni mtumishi wa nyumba, na akiulizwa sababu hujibu kuwa ni kwa kuwa bibi mwenyewe halii.

Kwa Moretti anafika msichana, Arianna, aliyependana na Andrea bila ya wazazi kujua. Yumo safarini na rafiki yake. Familia inawapakia garini, inaendesha usiku kucha hadi mpakani mwa Ufaransa. Asubuhi baba, mama na dada wanatembea ufukweni, kila mmoja kwa hatua zake.