Wale wa Juzi Walikuwa Tisa

Kwa siku sita niliandika maneno yaleyale kwenye daftari la wagonjwa: macho mekundu, kichwa, hana usingizi. Timu yetu ya huduma ilitoka Dar es Salaam, ikiwa na daktari wa macho, wauguzi wanne, mchungaji, na sisi wanakwaya tuliopewa kazi ya kuandikisha watu. Tulipiga kambi kwenye kanisa la kijiji kimoja wilayani Kilosa, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mchana tulipima presha na macho, jioni tulikuwa na mkutano wa injili. Jua likielekea kuzama, watu walichoropoka mmojammoja hata kabla ya maombi. Mwenzangu wa sauti ya tatu akanong'ona kwamba kijiji hiki kina imani haba.

Jumatatu Mchungaji akatangaza mapumziko. "Wapendwa, leo tunakwenda kuutazama uumbaji." Amina tuliyoitoa ilizidi zote za wiki ile.

Mzee wa kanisa, mwenyeji wetu, ilibidi tumbembeleze apande nasi. Amezaliwa na kuzeekea kando ya hifadhi, lakini hajawahi kuingia kwa kupitia getini. "Mwanangu, wanyama wananijia nyumbani," aliniambia, "niwalipie kiingilio cha nini?" Gari zima likacheka. Nami nilicheka.

Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaipasua hifadhi hii kwa takriban kilomita 50, hivyo abiria wa mabasi ya Mbeya huwaona swala na nyani bure, kupitia dirishani. Lakini ukishaiacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea uwanda wa Mkata, dunia inabadilika. Ilikuwa Mei, nyasi zimeanza kushika rangi ya simba. Pundamilia na nyumbu walikula pamoja kama watu wa ukoo mmoja. Twiga watatu walitugeuzia shingo kwa pamoja, wakatutazama kwa upole wa wazee wa baraza. Bwawani viboko walikuwa wamelaliana kama magunia, yangeyange mmoja akitembea juu ya mgongo wa mkubwa wao bila hofu. Muuguzi wetu mkuu, mwanamke asiyetabasamu hata siku ya sikukuu, alipiga makofi kama mtoto.

Kijana aliyekuwa akituongoza alitueleza kwamba Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1964, na ina kilomita za mraba 3,230. Upande wa kusini imepakana na Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na kwa tembo mpaka huo haupo. Katika miaka ya 1970 eneo lile la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Walipohesabiwa mwaka 2013 walikuwa wamebaki kama 13,000. Wengi wa waliotoweka waliuawa kwa ajili ya pembe zao. "Sasa wameanza kuongezeka tena," alisema, na kwa sauti yake ungedhani anazungumzia ndugu zake.

Hata hajamaliza, wakatokea kwenye miyombo, jike kubwa mbele na kitoto kikijificha chini ya tumbo la mama yake. Simu zote zikainuka. Mzee hakuwa na simu mkononi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Saba," akasema. "Wale wa juzi walikuwa tisa."

Juzi! Juzi usiku sisi tulikuwa tumelala, tumechoka kwa kuimba. Yeye na wanawe walikuwa juu ya dungu shambani, wakipiga madebe na kumulika tochi. Wamezungushia shamba kamba zenye vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili, lakini upepo ukigeuka, tembo hasikii harufu. Usiku mmoja unatosha kumaliza ekari ya mahindi.

"Si kuna kifuta jasho cha serikali, baba?" nikauliza.

"Kipo. Jasho unalifuta leo, tembo anarudi kesho."

Kijana wetu hakujitetea. Aliuliza tu wanatokea upande gani. Mzee akamchorea kwa kidole kwenye vumbi la kioo: korongo, mto, shamba. "Njia ni yao," alisema. "Marehemu baba alitukataza kulima pale. Lakini watoto wameongezeka, ardhi haikuongezeka." Kisha akalitazama lile jike kubwa muda mrefu. "Mchana ana sura nzuri," akasema. "Sikuwahi kumwona mchana."

Tukarudi kimyakimya. Mwenzangu wa sauti ya tatu aliangalia nje njia nzima.

Jumanne asubuhi bibi mmoja aliketi mbele yangu, macho mekundu. Kalamu ilishaanza kuandika, nikaizuia.

"Shikamoo bibi. Jana umelala wapi?"

"Marahaba. Nilale wapi, mjukuu wangu? Nilikuwa dunguni."

Nikaandika hivyo hivyo. Mkutano wa siku hiyo Mchungaji aliuanzisha saa tisa alasiri, na saa kumi na moja unusu akatoa baraka, ili jua lizame kila mtu akiwa shambani kwake.