Kompyuta Mpya Inachemka? Usinunue Kitu Bado

Nina neno moja kwa kila mtu aliyejiundia kompyuta ya mezani hivi majuzi, au aliyeundiwa na fundi, na sasa anaona prosesa inapiga digrii 90 na kitu. Usinunue kitu bado. Usinunue feni, usinunue kipozaji cha maji, na tafadhali usikimbie dukani kusema prosesa imeungua. Pima kwanza. Najua ushauri wa kupima hauna utamu, lakini ndio huokoa pesa.

Hapa kwetu tuna majibu mawili tu kuhusu joto la kompyuta. La kwanza ni "hiyo ni kawaida, boss." La pili ni "ongeza pesa tuweke kubwa." Mara nyingi yote mawili yanatoka kwa mtu ambaye hajaangalia nambari hata moja. Ni kama daktari kukuandikia dawa ukiwa bado mlangoni, hata kiti hujakalia.

Wacha nitumie mfano wa binamu yangu, kwa sababu mashine yake nimeishika kwa mikono yangu. Yeye hupiga na kuhariri video za harusi na ruracio. Alichukua mkopo wa chama akaundiwa mashine na duka moja mjini: prosesa ya Intel Core i7-12700, RAM ya GB 32, na kile kipozaji kidogo kinachokuja ndani ya boksi la prosesa. Wiki ya pili shida zikaanza. Feni inanguruma kama posho mill, video fupi inachukua karibu nusu saa kurenda, na programu inasoma digrii 100. Akapiga simu dukani. Mara ya kwanza akaambiwa, "Madam, hizo i7 hukuwa moto, ni kawaida." Alipopiga tena akaambiwa alete 14,000 awekewe kipozaji cha maji.

Kwako 14,000 inaweza kuwa pesa ya kawaida. Kwake hiyo ilikuwa marejesho ya chama ya miezi miwili, na kuna harusi mbili hajamaliza, na bwana harusi mmoja anamtumia ujumbe kila asubuhi. Ndio maana huwa nasema haya mambo ya joto si ya wacheza gemu peke yao. Kuna watu chakula chao kinatoka ndani ya hiyo kesingi.

Sasa, tuelewe nambari. Kila prosesa ina kikomo chake cha joto kilichowekwa na kampuni. Hiyo i7-12700 kikomo chake ni digrii 100. Zile Ryzen 7000 za kawaida zinazoishia na X, kikomo ni 95, na AMD wenyewe walisema zilipotoka mwaka 2022 kwamba zimeundwa kufika hapo zikipewa kazi nzito. Prosesa ikigusa kikomo haiungui. Inajipunguzia kasi ili joto lisipande zaidi, na hali ikizidi kabisa mashine inajizima yenyewe. Hapa Nairobi maji huchemka kwenye digrii kama 94 kwa sababu tuko juu, na bado kuna prosesa zinafanya kazi kwenye 95 bila kelele.

Kwa hivyo anayesema "ni kawaida" ana nusu ya ukweli. Nusu ile nyingine ndiyo ghali. Prosesa inayojipunguzia kasi siku nzima inamaanisha ulilipia i7 na unatumia kitu cha chini zaidi. Na digrii 100 peke yake haikuambii ni nani mwenye kosa. Inabidi ujue nambari zingine tatu: inakula wati ngapi, inakimbia GHz ngapi, na chumba chenyewe kina digrii ngapi.

Hizo tatu za kwanza, yaani joto, wati na kasi, zote ziko kwenye HWiNFO, programu ya bure. Kazi nzito ya kujaribia unaweza kuipata kwenye Cinebench, nayo ni ya bure. Ya chumba tumia hata kipimajoto cha mtoto wako, bora usome hewa na si kwapa. Usidharau hiyo ya chumba. Kipozaji hakiwezi kushusha prosesa chini ya hewa kinayovuta. Mashine ile ile ikitoka kwenye chumba cha Limuru chenye digrii 18 iende kwenye chumba cha Mombasa chenye 32, hizo digrii 14 za tofauti karibu zote zitaonekana kwenye prosesa. Ukiona mtu mtandaoni anajisifu yake iko 60, muulize kwanza anakaa wapi.

Kwa mashine ya binamu, chumba kilikuwa 24. Bila kazi yoyote prosesa ilikuwa 58. Nikawasha Cinebench, na kabla nihesabu hadi tatu ilikuwa imefika 100, ikashuka hadi GHz 2.4 huku ikila wati 45 tu. Fanya hesabu ndogo hapo. 100 toa 24 ni 76. Gawa kwa 45. Kila wati moja inaongeza digrii 1.7. Prosesa hiyo kampuni imeiandikia wati 65 kwa kazi ya kawaida na hadi 180 ikijikaza, kwa hivyo kushindwa na wati 45 si tabia ya "i7 hukuwa moto." Hapo joto halifiki kwenye kipozaji.

Hii ndiyo siri ninayotaka ubaki nayo hata ukisahau mengine yote: angalia joto linapanda namna gani. Likiruka hadi kikomo ndani ya sekunde chache, shida iko kati ya prosesa na kipozaji, hazijagusana vizuri. Likipanda polepole, dakika tano, kumi, na linazidi tu, shida ni hewa ndani ya kesingi. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa, na feni mpya haitibu ile ya kwanza hata ukiweka kumi.

Tukazima, tukachomoa stima, tukafungua. Kipozaji hicho cha Intel hushikwa na pini nne za plastiki zinazopenya kwenye bodi. Tatu zilikuwa zimeingia. Ya nne ilikuwa imekaa tu juu ya tundu, haijapita, na kona hiyo ya kipozaji imeinuka kidogo sana, huwezi kuiona ukitazama kutoka juu. Tulisafisha pesti ya zamani kwa alikoholi ya isopropili, tukaweka mpya saizi ya punje ya minji, tukasukuma pini kwa jozi za kukingamana hadi kila moja ilie "ta!" Halafu tukageuza bodi kuhakikisha ncha zote nne zimetokea nyuma. Pesti ilitugharimu bei ya chakula cha mchana.

Tukarudia jaribio. Bila kazi, 38. Na mzigo ukianza, joto halikuruka tena. Lilipanda taratibu, lakini baada ya kama dakika moja likafika 100 tena. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kutoa zile 14,000. Lakini soma nambari zingine: sasa inakula wati 110 na inakimbia GHz 3.9. Kila wati inaongeza digrii 0.7. Kipozaji kimepona. Kinachofanyika ni kwamba kinabebeshwa mzigo usio wake.

Nikaingia BIOS, na huko kikomo cha wati kilikuwa 4096. Hakuna prosesa ya mezani inakula wati 4096, hiyo ni lugha ya bodi ya kusema "hakuna kikomo." Bodi nyingi hufanya hivyo zenyewe ili zionekane na kasi kwenye majaribio, na ukiwa na kipozaji kikubwa si mbaya. Ukiwa na kile cha boksi, ni kumpa punda gunia sita. Nikaweka wati 80. Joto likatulia 79, kelele ikaisha.

Na kasi je? Video ile ile tuliijaribu mara tatu. Pini ikiwa imelegea, dakika 24. Pini imekaa lakini bila kikomo cha wati, dakika 15. Na kikomo cha wati 80, dakika 17. Kwa hivyo tuliacha dakika mbili, tukapata mashine iliyotulia na inayoweza kufanya kazi usiku kucha mtoto amelala chumba hicho hicho. Binamu alichagua 17 bila kufikiria.

Wako unaweza kuwa na shida nyingine, kwa hivyo fuata mpangilio wa rahisi kwenda ngumu. Feni ya kipozaji inazunguka, na waya wake uko kwenye sehemu iliyoandikwa CPU_FAN? Kama ni kipozaji cha maji, pampu imeunganishwa? Shika mipira yake miwili. Mmoja ukiwa moto sana na mwingine baridi, pengine maji hayazunguki. Je, ile karatasi ya nailoni chini ya kipozaji ilitolewa? Msicheke. Kuna watu hukaa nayo miezi. Kipozaji ulitoa kwenye mashine ya zamani? Intel kuanzia kizazi cha 12 walibadilisha soketi, matundu yako milimita 78 badala ya 75, kwa hivyo kishikio cha zamani kulazimisha ni kujitafutia mgusano mbaya. Na pesti ni pesti. Dawa ya meno hukauka, iwache bafuni.

Ya hewa ni rahisi zaidi. Toa mlango wa pembeni wa kesingi, rudia jaribio. Joto likishuka digrii 2 au 3, kesingi haina hatia. Likishuka 10, hewa haipiti. Angalia feni zimeelekea wapi: hewa hutokea upande wenye ile mikono inayoshikilia mota. Za mbele ziingize, ya nyuma itoe. Nimeona kesingi feni zote zinaingiza na hakuna inayotoa.

Ukishapitia haya yote na bado joto ni tatizo, na wati unazihitaji kwa kazi yako, basi nunua kipozaji kikubwa, na ununue kwa amani. Sipingi vipozaji vikubwa. Napinga mtu kuuziwa dawa ya ugonjwa asio nao.

Na mafundi, hii si vita. Wengi wenu mnajua hii kazi kuniliko, na najua kuna siku mnaunda mashine nane na mteja wa tisa amesimama mlangoni anaangalia saa. Lakini pini moja mliyoruka kwa sekunde kumi ilitaka kumgharimu mtu miezi miwili ya chama. Dakika kumi za Cinebench kabla ya kufunga boksi zingeionyesha hapo hapo mezani.

Wanunuzi, hizo dakika kumi ziombeni. Kabla hujatuma ile M-Pesa ya mwisho, sema, "Boss, washa jaribio nione joto, wati na kasi." Piga picha ya skrini uende nayo nyumbani. Baada ya miezi sita, vumbi likishaingia na nambari zikianza kupanda, utakuwa na kitu cha kulinganisha. Na fundi akikuambia haina haja, hiyo ni kawaida, mwambie sawa, basi tuone hiyo kawaida ni digrii ngapi.